Mama Naomie Gikundiro na Mtu Aliyemvusha Ruzizi

Wapendwa katika Bwana, majirani wa Nyamianda, na ninyi mlioshuka kutoka milimani au mliotoka uwandani kuja kutusindikiza: familia inawashukuru kwa kufika leo, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024. Anayesoma ni Murekatete, binti ya marehemu. Kaka yangu Muhire ndiye mkubwa na ndiye angesoma, lakini alisema hajui aseme nini juu ya mwaka wa 1996. Mimi pia sijui vizuri. Tumeandika yale tuliyo na hakika nayo, na pale tusipo na hakika tumesema hivyo.

Mama Naomie Gikundiro alizaliwa Rurambo, juu ya uwanda wa Ruzizi, mtoto wa tatu katika watoto saba wa mfugaji mmoja aliyejulikana kwa upole wake. Kadi ya ubatizo inasema alizaliwa tarehe 3 Machi 1962. Kadi ya mpiga kura inasema tarehe 1 Januari 1960. Bibi yetu aliyemzaa alikuwa akisema kwamba kadi zote mbili zimekosea, kwa sababu alimzaa wakati wa kiangazi, ng'ombe wakiwa wameshushwa kutafuta majani. Tumechapa tarehe ya ubatizo, maana ndiyo iliyoandikwa kanisani.

Alikuwa mtoto wa mfugaji aliyeogopa ng'ombe. Baba yake alipomtuma kurudisha ndama, alianza kuimba kwa sauti kubwa tangu mbali, ili ng'ombe wajue kwamba anakuja na wasishtuke. Watu wa Rurambo walisema Gikundiro hawezi kupotea, kwa kuwa husikika kabla hajaonekana. Waliamini kwamba anapenda tu kuimba. Mwenyewe alituambia tukiwa watu wazima kwamba kila mara alikuwa anatetemeka.

Alianza shule ya msingi hapo Rurambo mwaka 1969 na akafika mwaka wa nne. Mwaka 1973 mama yake aliugua mguu, naye akabaki nyumbani kusaidia. Kusoma hakukuacha. Alifuata mistari ya Biblia kwa kidole, akitamka neno moja moja, na desturi hiyo ya kidole alikuwa nayo hadi mwaka huu. Mwaka 1980 alishuka Uvira kwa shangazi yake, akaingia katika foyer, kituo cha mafunzo cha wanawake wa kanisa, kujifunza kushona. Alipata cheti chake mwezi wa Julai 1982.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Twizerimana, aliyekuwa akichuuza maziwa na mpunga kati ya milima na uwanda. Walijenga Luberizi. Walikaa karibu miaka tisa bila mtoto. Muhire alizaliwa tarehe 11 Mei 1992, na mimi nikafuata tarehe 7 Februari 1995. Baba alituacha tarehe 22 Novemba 2009, kwa homa ya siku nne.

Sasa tunafika mahali penye shida.

Siku ya Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 1996, Mama alikimbia Luberizi. Baba alikuwa Rurambo na ng'ombe, njia ya kupanda ilikuwa imefungwa, na watu wa kabila letu walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba. Alishika mkono wa Muhire, ambaye alikuwa na miaka minne, akanifunga mimi mgongoni, akaelekea mto Ruzizi, mpaka wetu na Burundi. Hakujua kuogelea. Kabla ya saa sita mchana alikuwa upande wa Burundi, amelowa hadi mabegani, watoto wote wawili wakiwa hai. Hayo hayana ubishi, kwa sababu wapo watu waliompokea huko, na mmoja wao yumo humu leo.

Walipomuuliza amevukaje, alijibu: «Kuko mwenye alitushika mukono.» Wakauliza, yuko wapi? Akasema amerudi. Waliangalia ng'ambo, hawakuona mtu. Basi mzee mmoja wa kanisa akasema kwamba aliyewavusha ni malaika. Mama hakusema ndiyo, na hakusema hapana.

Tuliporudi mwaka 1997 tulikuja kukaa hapa Nyamianda, mjini Uvira, na habari ilikuwa imetutangulia. Mama Generose, mkubwa wa kwaya, alikuwa ameitungia wimbo. Kila mwaka, katika ibada ya shukrani, Mama alivaa gauni jeupe, akaitwa mbele, akasimama huku kwaya ikiimba juu ya malaika wa Ruzizi. Muhire naye aliitwa. Aliulizwa, «Mutoto, ulimuona malaika?» Alijibu kwamba alimwona, na alikuwa mweupe. Leo kaka yangu ana miaka thelathini na miwili, na anasema anakumbuka kitu cheupe karibu na uso wake. Hajui kama ni shati, au kama ni maneno ya wimbo yaliyoingia kichwani kabla akili yake haijakomaa. Mimi niliyekuwa mgongoni sikumbuki lolote.

Kazi ya Mama ilikuwa kushona. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la nyumba yetu kuanzia Machi 1997, na wengi wenu mmevaa alichokishona: sare za shule, magauni ya ndoa, sare za kwaya zote tatu za kanisa hili. Kila asubuhi, kabla ya kugusa gurudumu, aliweka mikono juu ya mashine na kuomba. Sala yake ilikuwa fupi, nasi tuliijua kwa moyo: «Mungu, unipe uhodari ya leo. Ya kesho utaleta kesho.» Nilipokuwa msichana nilimuuliza kwa nini fundi wa nguo anahitaji uhodari. Alisema, «Minye niko mwoga, mwanangu. Mwenye haogopi, hana sababu ya kuomba hii.» Sikumwelewa. Nilidhani anaogopa kuharibu vikwembe, vitambaa vya watu.

Mwezi wa Agosti 2014 nilimsindikiza Luberizi kununua mchele. Kando ya barabara ya Bukavu wakulima walikuwa wameanika mpunga juu ya maturubai, na mzee mmoja alikuwa akiugeuza kwa reki. Mkono wake wa kushoto haukuwa na vidole viwili vya mwisho. Mama alisimama, na nilimwona anashika ukuta wa duka.

Alimsogelea. «Njo weye, Sylvestre?»

«Njo minye,» akasema mzee. «Weye ni nani?»

«Minye ni ule mama wa mwaka wa tisini na sita.»

Mzee aliangalia barabara, upande mmoja, kisha upande wa pili. «Mama, unanichanganisha na muntu mwingine. Minye sikuvushaka muntu ku mutoni.»

«Basi unisamehe, baba,» akasema Mama. Akanunua mchele kwake, akalipa, tukapanda gari kurudi Uvira.

Gari likapita mji wa Sange. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, yale ambayo hakuwa amemweleza mtu. Alisema kwamba pale kandokando ya mto mtu huyu alitoka katika matete, akamweka Muhire mabegani, akamwambia yeye ashike shati lake kwa nyuma. Alijua mahali ambapo maji hufika kifuani tu. Katikati ya mto miguu ya Mama ilianza kuteleza, naye mtu akamshika kwa mkono ule wenye vidole vitatu, akasema: «Usiangalie mayi. Angalia shingo yangu.» Walipofika ng'ambo Mama alimwuliza jina. Akamjibu: «Sylvestre. Lakini tukikutana ku soko, weye haunijue, na minye sikujue. Bakisikia, bataniua.» Alikuwa Mufuliiru wa Luberizi, wa kabila la wale waliokuwa wakitutafuta.

Nilimwuliza Mama kama ana hakika kwamba mzee wa mpunga ndiye yule. Akasema ana hakika. Nilimwuliza kwa nini basi amekana. Akasema, «Anashika neno yake.» Lakini mimi niliwaza pia jambo lingine. Mama hakuwa amelitaja kabisa neno la kuvuka, na mzee alilikana kabla ya kuulizwa. Nilipomwambia Muhire, alisema hilo halithibitishi kitu, kwani uwanda wote unaujua wimbo wa Mama Generose. Muhire yuko sahihi. Mimi pia, labda, niko sahihi.

Jumapili tarehe 14 Septemba 2014 ilikuwa ibada ya shukrani. Alikuja mhubiri mgeni, ambaye hatutamtaja jina. Alihubiri juu ya siku zile za vita, akasema kwamba katika watu wa upande ule hakupatikana hata mmoja aliyenyoosha mkono, na ndiyo sababu Mungu alilazimika kutuma malaika. Akasema, «Shahidi yuko hapa.» Akamwita Mama. Kwaya ikasimama tayari.

Mama alikwenda mbele na gauni lake jeupe. Alisema hivi, na tumeyaandika kama wengi wanavyoyakumbuka:

«Munisamehe. Haikukuwa malaika. Ilikuwa muntu. Alikuwa Mufuliiru. Alibeba mutoto wangu ku mabega, akanishika mukono. Minye nilinyamaza miaka kumi na munane, juu niliogopa. Leo nimesikia banasema hakuna hata mumoja. Kulikuwa mumoja.»

Mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, «Jina yake nani?»

«Sitasema,» akajibu Mama. Halafu akakaa chini sakafuni, mbele ya meza ya Bwana.

Kilichofuata wengi mnakijua, na wengine mngependa tusikisome. Mchungaji ameuona ukurasa huu kabla haujachapwa, akasema tuuache ubaki kama ulivyo. Mama aliondolewa katika kwaya na katika kamati ya wanawake. Wengine walisema amewatukana wafu wetu. Wengine walisema ameiba utukufu wa Mungu na kumpa binadamu. Wengine walisema kama mtu huyo yupo na hana jina, basi hayupo. Vikwembe vya sare vilivyokuwa vimeshakatwa vilichukuliwa, vikapelekwa kwa fundi mwingine. Mama Generose, ambaye walikuwa wakipikiana wanapougua, alikoma kumsalimu.

Mimi nilimwomba tuhame, au walau tubadilishe kanisa. Alikataa, na hakueleza. Kila Jumapili alivaa, akaenda, akakaa benchi lake la tatu upande wa wanawake, na benchi lile lilikuwa na nafasi kwa watu sita. Kwa miezi kumi na moja alikaa peke yake. Baada ya ibada alisimama mlangoni na kusalimu kila mtu kwa jina, aliyeitikia na asiyeitikia. Akifika nyumbani alilala kitandani na viatu, amechoka kama mtu aliyelima. Jumapili inayofuata akaenda tena. Tulibishana naye. Nilimwambia kwamba huo si uhodari, ni ukaidi. Alicheka kidogo, akasema hata yeye hawezi kutofautisha, ndiyo maana anaomba kila asubuhi.

Katika mwezi wa kumi na mbili wa kukaa kwake peke yake, mwanamke mmoja, Eliane, ambaye ndugu zake wawili walikufa vitani, alikuja akakaa kwenye benchi lile. Hakutoa sababu. Nilimwuliza juzi akasema hata leo hana sababu, alijikuta amekaa.

Tangu mwaka uliofuata, wa 2015, kila mavuno ya mpunga, Mama alikwenda Luberizi na shati alilolishona mwenyewe. Alimpa Mzee Sylvestre. Zilikuwapo nyakati ambapo barabara ile haikuwa ya mtu wa sura yetu kupita. Mara mbili aliteremshwa kwenye pikipiki na vijana wenye fimbo, wakamwuliza anakwenda kwa nani. Alisema anakwenda kwa mkulima kununua mchele, na hilo halikuwa uwongo, maana kila mara alirudi na mchele. Mzee alipokea shati, akashukuru, akamkaribisha ugali na samaki wadogo wa ndagala pamoja na mke wake, na kila mara mtu alipouliza juu ya Ruzizi alisema hajui habari hizo. Mashati tisa. Alipokea mashati, akakana mto. Mimi nilimwambia Mama: labda kweli si yeye, labda unamshonea mtu mwingine kabisa. Akasema, «Kama si yeye, basi amepata shati.»

Na kuna jambo jingine tusilolijua: kama Baba alijua. Muhire anaamini kwamba Baba alikufa akiamini malaika. Mama alisema tu, «Baba yenu alijuaka mingi.» Hatukupata zaidi ya hapo.

Mama alianza kuugua mwezi wa Agosti 2023. Miguu ilivimba, kichwa kikauma, chakula kikamshinda. Hapa Uvira waliotupokea kwanza walisema malaria, wengine wakasema tifoidi. Mwezi wa Januari tulimpeleka Bukavu, wakasema figo, kisha wakasema labda moyo ndio ulioanza. Tuna karatasi nyingi na majina manne ya ugonjwa. Mama alisema tusigombane kwa ajili ya jina. Mwezi wa Aprili aliomba arudishwe nyumbani.

Mwezi wa Mei alitaka kwaya ije kumwimbia. Mama Generose alikuja, na tunamshukuru mbele ya watu wote kwa kuja. Alimwuliza mgonjwa anataka wimbo gani. Mama akaomba ule wa malaika wa Ruzizi. Mimi nilisema, «Mama, si njo weye ulisema haikukuwa malaika?» Akanijibu, «Haikukuwa. Lakini wimbo iko muzuri. Miaka kumi sikuimbe.» Akaimba nao, beti zote, akipiga vidole juu ya shuka. Mama Generose alilia sana, na alipotoka aliniuliza barazani kama amesamehewa au kama yeye ndiye aliyetakiwa kusamehe. Nilimsindikiza hadi barabarani.

Mama Naomie Gikundiro alifariki nyumbani kwake, hapa Nyamianda, siku ya Jumatano tarehe 12 Juni 2024, saa nne asubuhi. Muhire alikuwa anamshika mkono, mimi nilikuwa namsomea Zaburi. Kwa kadi ya ubatizo, alikuwa na miaka sitini na miwili.

Alhamisi alasiri, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai la matanga, alifika Mzee Sylvestre kwa pikipiki kutoka Luberizi. Alikuwa amevaa shati la kijani, la mwaka jana. Wengi walishakisia ni nani, kwa sababu ya safari za Mama za kila mavuno. Wazee wetu wawili waliinuka, na kwa kitambo hatukujua kama wanamkaribisha au wanamzuia. Muhire alikwenda kumpokea. Mzee alimshika mkono, hakuuachia, akamwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepima. Akasema polepole, «Ulikuwa muzito.»

Muhire alimwuliza, «Siku gani, Mzee?»

Mzee Sylvestre aliachia mkono. «Nasema tu,» akajibu. «Batoto ba wakati ule balikuwa bazito.» Akaingia ndani kumwona Mama, akakaa kwenye kiti kando ya miguu yake, akakaa pale hadi jua lilipoegemea milima.

Nilimfuata. Nilimwambia kwamba tunaandika maisha ya Mama, na kwamba hatutaki kumletea hatari wala kumsemea uwongo. Nikamwuliza kama tunaweza kuandika jina lake. Akasema, «Andika. Minye nimekuwa muzee, bale nilikuwa naogopa bamekufa.» Nikauliza, basi tuandike kwamba ndiye aliyemvusha? Akasema, «Andika kama vile mama yako alisema. Yee hakukuwa mwongo.» Nikauliza mara ya tatu: na wewe, Mzee, unasema nini? Akaniomba maji ya kunywa, nikaenda kuyaleta.

Haya ndiyo tuliyonayo. Tumeyasoma mara nyingi tangu Alhamisi, kaka yangu na mimi, na bado hatuelewani. Tunachoweza kushuhudia ni kwamba tuliishi na mtu aliyeogopa ng'ombe, maji, barabara na midomo ya watu, na hatukumwona hata siku moja akibaki nyumbani kwa sababu ya woga. Nguvu hiyo aliipata kwa Bwana wake, asubuhi kwa asubuhi. Hilo nalo hatulielewi vizuri, lakini tulikuwepo, tuliliona.

Mama Naomie Gikundiro ameacha watoto wawili, Muhire na Murekatete. Mkwe mmoja, Fabiola, mke wa Muhire. Wajukuu watatu, Teta, Ngabo na Espoir. Ndugu wanne, wawili wako Rurambo na wawili nchi za mbali. Kwaya, majirani, na kanisa. Ameacha pia Mzee Sylvestre wa Luberizi, ambaye hatukujua tumwandike katika safu gani. Si ndugu wa damu, si mkwe, si wa kanisa letu, na rafiki ni neno ambalo yeye mwenyewe hakulitumia. Mchapaji alikuwa anasubiri, tukamwambia amweke mwisho, katika mstari wake peke yake.

Bwana ampokee mtumishi wake na ampe pumziko lenye amani. Sisi tunaobaki, atupe kuelewa kwa wakati wake.